Cheti cha Seva ya Ghala

Seva yetu inaishi chumba cha nyuma, ghala la asali, Tabora,
kati ya mapipa ya bluu na mizani mbovu.
Feni yake inakohoa. Nta imeganda kwenye kitufe cha kuwashia.
Cheti chake ilijiandikia yenyewe
usiku wa Jumanne, nami tochi mdomoni:
jina ikajipa, tarehe ikajipa,
na pale pa shahidi ikasaini tena yenyewe.
(Mara ya kwanza nilikosea, nikaandika "ghara".
Tukaanza upya.)

Asubuhi kompyuta ya kituo cha Ipole ikabisha hodi.
"Nani mwenyeji?"
"Mimi."
"Nani anakujua?"
"Mimi."
Ikafunga mlango.
Haikuwa jeuri. Ndivyo ilivyofundwa.

Mihayo, kijana wa mizani, alikuwa na foleni,
madumu juu ya baiskeli, wafugaji nyuki wanatazama jua.
Akapiga simu: "Dada Kalunde, kuna mstari mmoja tu,
unaiambia programu isikague. Nimejaribu. Inafanya kazi!"

Najua inafanya kazi.
Mlango uliong'olewa bawaba nao hupitika.
Bahasha umeifunga kwa gundi, umeibana, umeipiga lakiri,
kisha ukampa yeyote aliyenyoosha mkono.
Futa huo mstari, nikamwambia.
Akaguna. Foleni ikaguna nyuma yake.

Nikamuuliza: kule msituni, mzinga wa baba yako unaujuaje?
"Una chapa. Mistari mitatu na duara."
Chapa hiyo aliipewa na nani? Wilaya?
"Aliichoma mwenyewe, kwa chuma cha moto."
Basi wewe uliiamini vipi?
Simu ikanyamaza, nikadhani salio limekwisha.
"Alinibeba begani," akasema, "nikaipapasa.
Nilikuwa darasa la pili."

Haya. Shika kalamu.

Nikaenda chumba cha nyuma, si kwa mtandao, kwa miguu,
nikaketi mbele ya seva, nikaiomba alama yake ya kidole,
nikamsomea Mihayo jozi kwa jozi,
naye anafuata kwenye kioo chake:
nne, A. Tisa, tisa. C, sifuri.
"C ya nini?" Ya chai.
B ya bundi. E ya embe. Saba, D.
Kwenye ya kumi na tisa treni ya Mpanda ikapiga honi,
hatukusikizana, tukarudia.
Jozi thelathini na mbili.
"Zote sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa.
Sasa hifadhi cheti hiki. Hiki tu, kwa seva hii tu.
Akija mwingine aliyejisaini, hata akijiita ghala,
hata akiongea kama mimi,
mwache nje.

Mwezi wa tano akanipigia usiku, yuko nyumba ya wageni, Sikonge,
ameunga kompyuta kwenye mtandao wa pale:
"Imekataa. Alama si ile."
Nikakimbia na kanga moja hadi ghalani.
Seva ilikuwa inakohoa kama kawaida,
nne, A, tisa, tisa,
haijagusa chochote, haijaguswa.
Basi aliyemjibu Mihayo kwa jina letu alikuwa nani?
Mpaka leo sijui. Labda mtu. Labda kisanduku tu
kilichowekwa pale kijibu kila simu.
Kilo mia nne na kumi za asali, na majina ya wenyewe,
na namba zao za kulipwa,
zililala ndani ya kompyuta, mezani kwa Mihayo.
Wafugaji walichelewa siku moja kupata hela.
Walitutukana kidogo.

Cheti kinaisha tarehe kumi na nne Septemba.
Nilikuwa nimeiandika kwa chaki kwenye pipa la kona, nisisahau.
Jana wameliuza lile pipa.